Kujenga nyumba ndogo ya uani Dar es Salaam: anza na shimo, tofali baadaye

Nyumba ya uani ikishindwa, mara nyingi si ukuta uliokosewa. Ni maji: ya chooni yasiyokuwa na pa kwenda, na ya mvua yanayomwagikia kwa jirani. Kuta fundi yeyote mzoefu atazisimamisha, lakini uani hukosewa wiki ya kwanza, siku mtu anapopanga tofali kabla hajajua bomba la choo litapita wapi. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio huo: nafasi, kibali, shimo, halafu nyumba yenyewe.

Mfano tunaoutumia ni nyumba ya kupangisha ya mita 8 kwa 4.2 kwa nje, yenye sebule, chumba, jiko dogo na choo cha ndani, inayojitegemea kabisa na nyumba kubwa.

Pima kilichobaki, si unachokitamani

Chukua kiwanja cha ishirini kwa ishirini. Mbele umeacha mita 3, na nyumba kubwa ina kina cha mita 9. Nyuma inabaki mita 8. Ukiacha mita 1.5 hadi mpaka wa nyuma na kuweka nyumba ya mita 4.2, kati ya nyumba mbili unabaki na mita 2.3. Hiyo mita 2.3 ndiyo itakayobeba kila kitu: njia, chemba (visanduku vya kukagulia bomba za majitaka), kamba za kuanikia, mwanga na hewa ya madirisha ya pande zote mbili. Ikishuka chini ya mita 2, punguza nyumba. Usipunguze ule upenyo wa nyuma, kwa sababu bila huo madirisha ya nyuma hayawezi kuwepo, na nyumba yenye dirisha upande mmoja tu, kwa joto la Dar la Januari na Februari, mpangaji atalala mlangoni.

Kabla ya kupima chochote tafuta bikoni, zile alama za mpaka zilizowekwa na mpima. Ukuta wa uzio si ushahidi wa mpaka. Nyingi zimejengwa kwa makadirio. Bikoni ikiwa imefukiwa au imeng'olewa, mlipe mpima mwenye leseni airudishe. Gharama yake ni ndogo kuliko kubomoa ukuta uliovuka kwa sentimita 40.

Angalia pia ubavuni. Mpangaji anahitaji njia yake ya angalau mita 1.2 kutoka getini, asipite jikoni kwako. Njia hiyo hiyo ndiyo toroli litakayopitisha mchanga na zege, kwa hiyo usiizibe kwa tangi wala kibanda cha kuku hadi ujenzi uishe. Mtaa ukiwa mwembamba Fuso haitaingia. Uliza mapema kama mchanga utashushwa barabarani na kuhamishwa kwa Kirikuu au guta, kwa sababu gharama hiyo ya pili haimo katika bei ya tripu.

Kibali

Nyumba ya uani ni jengo, na jengo linahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri yako: Jiji la Dar es Salaam kwa walio Ilala, au manispaa ya Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Utahitaji uthibitisho wa umiliki, michoro, na ramani ya kiwanja inayoonyesha nyumba iliyopo, nyumba mpya, umbali wa kila upande hadi mpaka, na mahali pa karo (tangi la chini ya ardhi linalopokea majitaka) na shimo la kunyonya (linalonywesha ardhini maji yatokayo karoni). Hicho kipengele cha mwisho wengi hukisahau na maombi yakarudishwa. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa: mwenyekiti au mtendaji anayejua unachojenga ni msaada mkubwa jirani akilalamika. Ofisi ya ardhi na mipango miji ya halmashauri yako ndiyo itakayokupa umbali kamili wa kuacha kila upande kwa kiwanja chako, mita 1.5 ya mfano wetu ni ya kufanyia hesabu tu.

Kama kiwanja kinapakana na mto au bahari, simama kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe bila shughuli za kudumu. Wanaoishi kandokando ya Msimbazi na matawi yake wanajua maana ya alama ya X nyekundu ya kubomolewa, na kuongeza jengo jipya ndani ya eneo hilo ni kuzika fedha.

Shimo

Anza kwa kulijua karo ulilonalo. Mambo matatu yaulizwe. Lipo wapi hasa? Ukubwa wake ni upi? Na gari la majitaka huitwa mara ngapi? Karo linalonyonywa kila baada ya miezi michache tayari limeshindwa, ama kwa sababu shimo la kunyonya limeziba, ama kwa sababu maji ya chini ya ardhi yapo juu. Kuliongezea watu wanne ni kuongeza tatizo. Maeneo ya chini kama Jangwani, Kigogo na sehemu za Mikocheni na Msasani, maji hupanda masika hadi karibu na uso wa ardhi. Chimba shimo la majaribio Aprili au Mei. La Septemba litakudanganya.

Jaribio la udongo ni rahisi na halihitaji mtaalamu. Pale unapotaka shimo la kunyonya, chimba hadi kina litakapofanyia kazi, kisha chini yake chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande. Jaza maji, yaache yanywewe usiku kucha. Asubuhi jaza tena na upime maji yanashuka sentimita 2.5 kwa muda gani. Dakika 10 ni udongo mzuri. Ikizidi saa moja, shimo la kunyonya halitafanya kazi hapo hata ulichimbe kubwa namna gani. Utahitaji karo kubwa zaidi na bajeti ya gari, au uache mpango.

Karo jipya la watu watatu hadi wanne: ndani mita 2 kwa 1, kina cha maji mita 1.5, yaani lita 3,000. Ligawe kwa ukuta, theluthi mbili upande maji yanapoingilia na theluthi moja upande yanapotokea. Bomba la kuingia na la kutoka yote yafungwe tii (kiungio cha bomba chenye umbo la T) inayoelekea chini sentimita 40 hadi 50 ndani ya maji. Bila tii, mafuta na uchafu unaoelea utakwenda moja kwa moja kuziba shimo la kunyonya, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mashimo mapya kujaa ndani ya mwaka. Bomba la kutoka liwe chini ya la kuingia kwa sentimita 5 hadi 7. Tofali za inchi 6 zilazwe, zitakwenda kama 200. Saruji mifuko 12 hadi 14 pamoja na kitako, lipu ya ndani ya moja kwa tatu (saruji moja, mchanga tatu) na mfuniko. Mfuniko wa zege wa sentimita 10 uwe na nondo za milimita 10 kila sentimita 15 pande zote mbili, nondo nne za mita 12. Acha vifuniko viwili vya kufunguka, kimoja kila chumba, na bomba la hewa linalopanda juu ya paa.

Shimo la kunyonya liwe na kipenyo cha mita 1.2 hadi 1.5, tofali zipangwe bila udongo wa saruji katika viungo vya wima, na nyuma yake ijazwe kokoto kubwa. Kitako chake kibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kaa mbali na kisima, chako au cha jirani: mita 15 ni kidogo sana, 30 ni afadhali. Kisima cha jirani kikiwa karibu kuliko mita 30, tafuta kona nyingine.

Na usijenge nyumba juu ya karo la zamani. Hutokea kila siku kwa sababu karo huwa uani na uani ndiko nafasi ilipo. Mfuniko wake haukuundwa kubeba ukuta, gesi itapanda kwenye sakafu, na siku likijaa utavunja sebule ya mpangaji ili gari linyonye. Kama halina budi kuwa hapo, lifunge: linyonywe likauke, mfuniko uvunjwe, lijazwe mchanga na kifusi kwa tabaka zinazoshindiliwa, na jipya lichimbwe kwingine pale mpira wa gari la majitaka unapofika.

Sasa hesabu ya mteremko, ambayo ndiyo itaamua urefu wa msingi. Bomba la choo la inchi 4 linahitaji kushuka sentimita 2.5 kwa kila mita. Tuseme karo lipo mita 12 kutoka choo kipya: 12 mara 2.5 ni sentimita 30. Chini ya choo chenyewe bomba huanza kama sentimita 30 chini ya sakafu. Kwa hiyo mdomo wa karo, pale bomba linapoingilia, lazima uwe angalau sentimita 60 chini ya levo ya sakafu. Chukua ule mpira mwembamba wa maji ambao mafundi huhamishia levo, fungua karo, pima. Mdomo ukiwa sentimita 15 chini ya ardhi, sakafu yako lazima iinuke sentimita 45 juu ya ardhi. Fundi akikuambia "maji yatakwenda tu", mwombe akuonyeshe levo. Mteremko ukiwa mdogo mno, kinyesi hubaki bombani. Weka chemba kila bomba linapokata kona, na maji ya jikoni yapite kwanza kwenye chemba ndogo ya kunasa mafuta.

Mpango wa ndani

Unene wa ukuta ni sentimita 15, kwa hiyo ndani upana ni mita 3.9. Weka chumba upande mmoja, mita 3 kwa 3.9, sebule upande wa pili, vipimo hivyo hivyo, katikati ukanda wa mita 1.4 ugawanywe, choo mita 2 na jiko mita 1.75. Choo kifunguke chumbani, jiko liwe njia kati ya sebule na chumba. Faida ya mpango huu ni kwamba choo na jiko vinashirikiana ukuta mmoja: bomba zote ziko mahali pamoja, na kuta mbili za kati zinabeba paa.

Chumba na sebule kila kimoja kiwe na madirisha mawili yanayotazamana, mbele na nyuma, ya mita 1.2 kwa 1.2, ili kusi na kaskazi zipate pa kuingilia na pa kutokea. Angalizo kuhusu alminiamu za kuteleza: dirisha la futi 4 linakupa hewa ya futi 2, kwa sababu kioo kimoja daima kipo mbele ya kingine. Kama fedha inaruhusu, chukua ya kufunguka kwa bawaba, na wavu wa mbu usisahaulike.

Vifaa

Kwa nyumba hii, bila karo:

Tofali za inchi 6 ni kama 1,300. Humo mna msingi wa kozi (safu) saba zilizolazwa, kuta za kozi kumi na moja zilizosimamishwa, nyongeza ya upande wa juu wa paa, na asilimia 5 ya kuvunjika. Mita moja ya mraba ya ukuta uliosimama inakula tofali 9. Iliyolazwa, 13 hadi 14.

Saruji ni mifuko 80 hadi 85: zege la msingi 13, jamvi (zege la chini ya sakafu) 19, mkanda (boriti ya zege inayopita juu ya kuta) 7, kujengea 15, lipu 20, sakafu 5, na akiba. Zege la msingi changanya 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), jamvi na mkanda 1:2:4, kujengea 1:6 (saruji na mchanga), lipu 1:5. Pima kwa ndoo au sanduku, kila mara. Koleo si kipimo: koleo la mchanga mbichi na la saruji hayalingani hata kidogo.

Nondo za milimita 12, vipande 13 vya mita 12, kwa mkanda wa nondo nne. Ringi (vyuma vilivyokunjwa vya kuzishika nondo hizo pamoja) za milimita 8 kila sentimita 20, zipo 165, zitatoka kwenye vipande 9. Nondo zinapoungana zipishane sentimita 60. Kabla ya zege, weka chini na pembeni vijiwe vya zege vya unene wa sentimita 2.5 ili nondo isiguse ubao. Nondo iliyolala kwenye ubao itaota kutu, na kwa upepo wa chumvi wa Kunduchi au Kigamboni mkanda utapasuka kwa urefu.

Kuhusu tofali: kagua kabla ya kulipa. Mfuko mmoja wa saruji ukitoa tofali 30 hadi 35 za inchi 6, ni nzuri; wauzaji wengine hufika mbali zaidi ya hapo. Inua moja hadi kiunoni uiachie kwenye ardhi ngumu. Ikisambaratika, ondoka. Kwaruza kona kwa msumari. Ikimomonyoka kama sukari guru, ondoka. Tofali zilizofyatuliwa juzi ziache, zinahitaji siku 14 za kumwagiliwa na kukauka. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata kwa lipu: chumvi yake itatoka ukutani kama unga mweupe na kusukuma rangi. Kokoto za Lugoba ni ngumu kuliko za Kunduchi, ambazo ni mawe ya matumbawe. Kwa mkanda na mfuniko wa karo chagua za Lugoba.

Kujenga

Anza Juni, masika ikishapita, ili Oktoba vuli ikukute umeezeka.

Mfereji uwe na upana wa sentimita 60 na kina cha 75, au zaidi hadi ufike ardhi isiyokubali kuchomwa kirahisi na nondo. Kwenye mchanga kingo hubomoka, kwa hiyo mwaga zege siku hiyo hiyo. Kwenye udongo wa mfinyanzi usiache mfereji wazi unyeshewe. Ukilainika, kwangua tabaka la juu kabla ya zege. Udongo huo huvimba na kusinyaa, na kuta hupasuka kwa mshazari kuanzia kona za madirisha. Hapo ongeza mkanda wa chini juu ya msingi.

Kabla ya jamvi, kifusi kishindiliwe kila sentimita 15, mabomba ya choo yawe yamelazwa na kujaribiwa kwa maji, dawa ya mchwa ipulizwe, kisha nailoni nzito ya geji 1000 itandikwe ikipanda hadi juu ya msingi. Ukiruka nailoni, rangi ya chini ya ukuta itabambuka kila masika na hakuna rangi itakayokuokoa. Jamvi ni sentimita 10. Mwagilia siku saba, asubuhi na jioni.

Mlipe fundi kwa hatua zilizokamilika: msingi na jamvi, kuta hadi mkanda, kupaua, lipu. Shikilia asilimia 10 hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Mwandikie hivyo tangu mwanzo ili pasiwe na maneno.

Paa liwe la mgongo mmoja, likielekea uani kwako, kamwe si kwa jirani. Kwa kuwa kuta nne za mkato (zinazokata upana wa nyumba) zinapanda na mteremko, huhitaji kenchi (fremu za mbao za kubebea paa): laza mbao 2x4 kwa kusimama juu ya kuta hizo, safu saba, zikiungana juu ya ukuta tu. Zitakwenda mbao 18 hadi 20 za futi 12 zilizotiwa dawa. Kila inapokaa juu ya ukuta ifungwe kwa waya mnene uliozikwa kwenye mkanda tangu siku ya zege. Msumari peke yake haushindani na upepo. Ukuta wa juu uinuke sentimita 70 kuliko wa chini. Bati zikatwe kipande kimoja cha mita 5.1, na unapohesabu tumia upana unaofunika, si upana mzima wa bati. Geji 28 ni nene kuliko 30, na tofauti yake utaisikia mvua ikinyesha.

Paa hili lina mita za mraba 45. Mvua ya milimita 10 inaleta lita 450. Ya milimita 50, zaidi ya lita 2,200, zote kwenye ile mita 2.3 yako. Gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, si pambo. Iweke, iteremke kuelekea tangi la lita 2,000, na maji yanayofurika yatolewe kwa bomba hadi mtaro wa barabarani. Yasielekezwe kwenye karo. Karo linalopokea mvua hujaa usiku mmoja.

Umeme na maji

Omba Luku ya pili TANESCO badala ya kugawana. Ugomvi wa nani katumia uniti hauna mwisho. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni: waya wa milimita 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 4 kwa kiyoyozi, erthi rodi yake, na breka inayokata umeme ukivuja. Kodi ya majengo hukatwa kupitia Luku tangu 2021, na kisheria ni ya mwenye nyumba. Mita mpya ikianza kukatwa, mweleze mpangaji jinsi mtakavyofidiana kabla hajagundua mwenyewe. Maji nayo yawe na mita yake ya DAWASA, au angalau mita ya pembeni na valvu unayoweza kuifunga bila kukata nyumba nzima.

Kabla ya kumwita dalali

Fungua chemba zote. Mwaga ndoo kumi mfululizo chooni na jikoni, ukiangalia kila chemba: maji yapite bila kusimama, na kipande cha karatasi ulichotumbukiza chooni kifike karoni. Fungua bomba zote pamoja. Funga madirisha, mwagia paa kwa mpira nusu saa, kisha tazama dari na kona za kuta za mkato. Halafu pima kutoka kona mbili za nyumba hadi katikati ya kila kifuniko cha karo, andika vipimo na tarehe ndani ya mlango wa kabati la jikoni kwa rangi ya mafuta, ili fundi atakayeitwa miaka sita ijayo achimbe mara moja tu.